Mlango wa Bi Kazija

Wapo watu ambao riziki yao imo baharini, na wapo ambao riziki yao imo shambani. Ya Ngwali Soud ilikuwa imo mifukoni mwa watu wengine, naye aliona ni dhambi kuiacha huko ikae peke yake.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye kibanda cha kahawa Chake Chake, kashata mkononi, alipomwona bibi mmoja akitoka katika ofisi ya majengo ya kale. Bibi huyo alikuwa akizungumza na ulimwengu mzima.

"Mara ya tatu leo! Nyumba yangu miye, kaniachia marehemu mume wangu. Nataka niongeze vyumba vitatu nilaze wageni, nile halali yangu. Waniambia haiwezekani, nyumba ya kale! Juu nisipande, nyuma nisitokeze, mbele nisigonge hata msumari. Na Alkhamisi wanakuja kuukagua ule mlango wa nakshi. Wallahi nikimpata wa kunitolea ruhusa, huo mlango nampa auchukue!"

Ngwali akaacha kutafuna. Abdulsamad, mwenye hoteli ya watalii kule kaskazini, alikuwa ametangaza kwamba anatafuta milango ya kale ya kuchonga, na kwamba si mtu wa kuuliza mlango umetoka wapi. Ngwali naye hakuwa mtu wa kusema umetoka wapi. Watu wawili wenye adabu namna hiyo hawakosi kuelewana.

"Nani yule bibi?" akamuuliza muuza kahawa.

"Bi Kazija. Nyumba ya mawe, pale nyuma ya msikiti."

Alasiri yake Ngwali alibisha hodi nyuma ya msikiti akiwa na kofia ngumu nyeupe, kizibao cha kung'aa, tepu ya kupimia, na faili nene lenye kadi mbili za mwaliko wa harusi ndani yake.

"Shikamoo bibi. Mie ni Mkaguzi Mkuu Msaidizi wa Nyongeza na Vighairi."

"Marahaba mwanangu. Na hivyo vighairi ndiyo nini?"

"Sheria ni ukuta, bibi. Kighairi ni tundu katika ukuta. Mimi ndiye mwenye matundu."

"Mashaallah," akasema Bi Kazija. "Na mama yako anajua?"

Akamkaribisha ndani, akampa maji ya ukwaju. Ngwali akapima baraza, akapima madirisha, akampima na kuku aliyekuwa akipita, yote akayaandika kwa uso wa mtu anayebeba mzigo wa taifa. Kisha akasimama mbele ya mlango. Ulikuwa mweusi, mpana, umejaa maua na minyororo ya nakshi kuanzia juu hadi kwenye kizingiti.

"Tatizo lako lote ni hili hapa," akasema. "Nyumba imeingizwa katika orodha ya majengo ya kale kwa sababu ya huu mlango. Ukipelekwa kwenye mashine ya kupimia umri, ikasema haujafika miaka mia, nyumba inatoka kwenye orodha. Utajenga mpaka ushike mawingu."

"Na mashine ikisema umepita?"

"Mashine nimeizoea, bibi. Itasema nitakavyo."

"Kumbe mashine nayo inahongwa?"

"Inabembelezwa."

Bi Kazija akajifunika uso kwa ukaya, mabega yakatikisika. Ngwali alidhani analia kwa shukrani, akamwonea huruma kwa muda wa kumeza funda moja la ukwaju.

"Basi uchukue," akasema bibi alipojifunua. "Lakini mjane halali nyumba wazi. Kwanza niletee mlango mwengine. Wa mninga, na uwe na kitasa kizuri. Halafu tuandikiane mbele ya sheha, maana nina umri huu, nasahau."

Ngwali hakuwa na mlango wa mninga. Alikuwa na Vespa ya buluu aliyoipenda kuliko jamaa zake wengi. Akafikiri usiku kucha, asubuhi akaiacha Vespa kwa Suhail, fundi seremala, akaondoka na mlango mpya. Mvuvi hutanguliza chambo, akajiambia, na chambo hakililiwi.

Sheha wa mtaa, Mzee Ame, alikuja na miwani yake na kalamu yake. Aliandika polepole kama mtu anayetia nakshi: *Mimi mkaguzi nimeuchukua mlango wa kale wa nyumba hii, mzima, na dhamana yake yote iko juu yangu.*

"Kitambulisho," akasema.

"Cha nini, mzee?"

"Cha kujua nani kachukua."

Bi Kazija alikuwa akimtazama kwa macho ya upole. Ngwali akaona aibu kubabaika mbele ya bibi wa watu, akatoa kitambulisho chake cha kweli, kwa kuwa cha uongo hakuwa nacho. Mzee Ame akanakili jina, namba na kijiji, Kengeja, kisha akamshika dole gumba mwenyewe akalikandamiza kwenye wino.

Mlango uling'olewa. Ngwali na mchukuzi wakaubeba mpaka kwenye gari ya mizigo bila hata kutoa jasho.

"Mbona mwepesi?" akauliza Ngwali.

"Uzee, mwanangu," akasema Bi Kazija. "Hata miye nimepungua."

Kule hotelini Abdulsamad aliugonga mlango kwa kidole, akaunusa, akakwangua ua moja kwa ukucha. Ua likabanduka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Njoo nikuonyeshe kitu, yakhe."

Akampeleka kwenye ukumbi wa kulia chakula. Pale ukutani, chini ya taa, palikuwa na mlango uleule: maua yaleyale, minyororo ileile, ila huu ulikuwa mzito wa kuvunja mgongo. Mzungu mmoja alikuwa akila kaa mbele yake.

"Huu aliniuzia marehemu mumewe Bi Kazija, mwaka wa sita sasa," akasema Abdulsamad. "Ili watu wasijue, fundi wangu akamtengenezea mwengine wa hadibodi, kwa gundi na oili chafu. Ndio huo wako. Na bibi mwenyewe alikuwepo, ndiye aliyechagua rangi."

Ngwali alirudi Chake amefura kama bunju. Alimkuta Bi Kazija barazani, mbele ya mlango wake mpya wa mninga, anachambua mchele.

"Bibi, umenitapeli!"

"Ah, Mkaguzi! Afadhali umekuja. Maafisa wa kweli walikuwa hapa Alkhamisi, Bi Ruweida wa ofisi ya majengo na wenzake. Wameuliza mlango uko wapi. Nikawaonyesha karatasi yako."

Ngwali akavua kizibao haraka. "Si ungewaambia ni hadibodi?"

"Waambie weye. Wakikuuliza umejuaje, waambie umejua ulipokuwa ukiuuza. Au waambie ni wa kale kweli, kisha uwape huo mlango."

Ngwali akageuka kutazama njia.

"Hawakukasirika na miye," akaendelea bibi. "Kwa kuwa mbele ya nyumba pameshaharibika, wamenilegezea. Juu sipandi, lakini vyumba vya nyuma nimeruhusiwa, ila vijengwe kwa mawe na chokaa, saruji marufuku. Kazi yake kubwa. Nami sina kibarua." Akapepeta mchele. "Ile karatasi ninayo bado. Na weye unatafutwa mji mzima. Uani kwangu hakuna anayeingia kukutafuta. Hiyo simu nayo itoe laini, serikali inafuata harufu."

Hivyo ndivyo Ngwali alivyoingia katika fani ya ujenzi. Alichekecha mchanga, akaponda mawe, akakoroga chokaa mpaka vidole vikapasuka kama udongo wa kiangazi. Alilala katika ghala la zamani la karafuu. Kila mtu alipobisha hodi, alijitosa nyuma ya pipa, na Bi Kazija alimwambia kwa kunong'ona, "Walikuwa ni wao. Nimewazuga. Endelea na ukuta."

Siku ya arobaini vyumba vitatu vilisimama vyeupe pee. Bi Kazija akampa sahani ya wali na pweza wa nazi, akamkabidhi na karatasi yake.

"Nenda mwanangu. Hutafutwi."

"Wameniachia lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza. Niliwaambia umezama. Umepanda mashua na mlango, mashua ikapinduka, mkaenda nyote wawili. Bi Ruweida alilia."

"Arobaini, bibi! Siku zote hizo najificha nyuma ya pipa!"

"Na ukuta umenyooka," akasema Bi Kazija. "Una mkono mzuri, usiuache."

Ngwali hakuwa na Vespa, hakuwa na mlango, na mjini hapakuwa na mtu wa kumlilia. Akapanda gari ya Kengeja kwenda kwa mama yake, Bi Kijakazi. Alipofika alishangaa kuona nyumba yao imejaa watu. Turubai limefungwa, wanaume wamekaa mikekani na kanzu zao, na pilau linanukia mpaka njiani. Akajibanza nyuma ya mgomba asikilize. Shehe mmoja alikuwa amesimama.

"Ndugu zangu, leo ni arobaini ya Ngwali wetu. Marehemu alikuwa mkweli. Cha mtu kwake kilikuwa moto. Sheha wa Chake kaleta habari: serikali ilimwamini, ikampa kazi ya kulinda majengo yetu ya kale, naye amekufa baharini ameukumbatia mlango wa urithi, hakuuachia. Nani miongoni mwetu angefanya hivyo?"

Watu wakatikisa vichwa. Mzee mmoja akajifuta machozi. Ngwali, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema uongo wa ukubwa ule, naye machozi yakamtoka. Aliona ni ukorofi kumkatiza shehe. Akasubiri mpaka dua ikafika mwisho, ndipo akaitikia, kwa moyo wake wote:

"Amin!"

Watu wakageuka. Kufumba na kufumbua mikeka ilikuwa mitupu, kandambili zimetapakaa uwanja mzima, na shehe yuko juu ya mti wa mshelisheli. Aliyebaki alikuwa Bi Kijakazi peke yake, amesimama kando ya sufuria la pilau, upawa mkononi. Alimtazama mwanawe kuanzia utosini mpaka kwenye kucha zilizojaa chokaa.

"Nilijua tu," akasema. "Hata kufa, umetudanganya."