Mbu Waliozaliwa Kwenye Mtumbwi wa Ukoo

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Afya ya Kitongoji, ambaye pia ni baba mkwe wangu,

Shikamoo. Tunaishi kibanja kimoja, lakini nakuandikia ofisini. Mkamwana hawezi kusimama mbele ya baba mkwe akamhoji, ila mwananchi anaruhusiwa kuiandikia kamati. Malalamiko yangu ni haya:

1. Vyandarua mlivyotugawia tumevipokea, asante. Shida ni kwamba mbu wa dengue, yule mwenye miguu ya madoadoa meupe, anauma mchana. Naomba kamati imhamishie zamu ya usiku. Ikishindikana, niruhusiwe kushinda ndani ya chandarua na mjukuu wako Joviana, nawe uje kumenya ndizi na kupalilia.

2. Juzi ulipita na kipaza sauti ukituamuru kumwaga maji yote yaliyotuama. Jirani yetu Kokubanza ulimmwagisha hata bakuli la kuku. Kisha ukarudi kupumzika kando ya mtumbwi wako wa kukamulia ndizi za pombe ya rubisi, uliojaa maji ya mvua na viluwiluwi wanacheza humo. Naomba mtumbwi utundikwe kibali cha kamati, maana Kokubanza ananiuliza kuku wake wana kosa gani.

3. Joviana alipougua, nikimgusa tu analia. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, mjini wakakuta dengue. Amepona, lakini nesi alinionya nimlinde, kwani akiipata tena inaweza kuwa mbaya zaidi. Nilipomtuma mume wangu Elikana akuombe mtumbwi uinamishwe, ulimjibu: "Huu ulichongwa na babu yangu. Hauinami kwa ajili ya mdudu."

Nimelitafakari jibu hilo usiku kucha nikimpepea mtoto, nikaona una haki. Waliozaliwa kwenye mtumbwi wa babu ni wa ukoo. Basi wapewe majina, wagawiwe migomba, na kwa kuwa ni wajukuu, babu awalishe mwenyewe. Uketi pale kila mchana bila shati. Si vizuri Joviana awalishe peke yake, naye ni mdogo.

4. Haya yakikataliwa, nitampeleka mtoto kwetu Muleba. Mama yangu hana urithi wowote wa kuhifadhi maji, ana ndoo tu, na kila ndoo ina mfuniko.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati. Mbu sina haja ya kuwatumia salamu, tunaonana kila siku.

Ni mimi mkamwana wako, mwenye utii mwingi na usingizi kidogo,
Paskazia, Mama Joviana

Nyongeza: Maombi yote ya hapo juu nayafuta. Mtumbwi tumeupindua leo ulipokuwa mkutanoni, na haukupata hata ufa. Ni mzito sana, mtu mmoja hauwezi. Kwa hiyo ukimkuta mama mkwe ameshika kiuno, usihangaike kumpeleka hospitali. Si dengue.