Kanzu Niliyoitundika Kwenye Lori la Bi Mwanaisha

Sogeeni karibu, wenzangu, niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa bodaboda wa hapa mtaani kwetu Shella. Leo nimepata aibu ambayo sabuni haiitoi.

Mnalijua lori kuukuu la Bi Mwanaisha, lile linalobeba mahema na masufuria ya kukodisha. Siku za karibuni lilikuwa likipanda kilima kama mgonjwa, linatoa moshi mweusi, mara linazimika njiani. Akanikabidhi. Nami, kama mnavyonijua, siwezi kutengeneza kitu kimyakimya. Nilimweleza kila hatua. Nikamwambia injini ya dizeli haina cheche ya kuiwasha. Inachotaka ni mafuta safi, kwa kipimo chake, bila hewa hata chembe. (Alikuwa anapepeta mchele. Aliitikia kwa heshima.)

Tangi lilikuwa na kutu na maji, nikaliosha. Paipu zilizopasuka nikazitupa, nikaweka mpya. Nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini nikazifungua moja moja, nikazisafisha, nikazirudisha. Pampu nikaipeleka Mombasa kwa fundi wa pampu, ikarudi imepimwa. Asubuhi ya leo ilibaki kuifunga mahali pake na kuunganisha waya zake, kila kimoja kama nilivyokikuta. Nilijisifu sana kwa hilo la "kama nilivyokikuta".

Sasa, leo ndiyo siku ya walima wa harusi kule Mambrui. Masufuria yote makubwa yalikuwa juu ya lori. Huko kuni zimepangwa, mbuzi wamechinjwa tangu alfajiri, na mpishi mkuu, Bi Rehema, hana hata kikaango cha kuanzia. Lori lisipofika, wageni hawali. Na Bi Mwanaisha ndiye aliyetoa ahadi.

Mimi pia nimealikwa. Kwa hiyo nilikuja na kanzu yangu nyeupe, imepigwa pasi, iko kwenye henga. Uwanja mzima una grisi, niiweke wapi? Nikafungua mlango wa lori. Pale kwenye dashibodi kuna kishikio cheusi kimejitokeza nje, urefu wa kidole, kama kiliwekwa kwa ajili ya kanzu. Nikaitundika. Ikakaa vizuri kweli.

Nilipokwisha kuifunga pampu, nikaanza kutoa hewa kwenye njia ya mafuta. Nikalegeza skrubu ya chujio, nikapiga pampu ya mkono, mapovu yakatoka, kisha dizeli safi. Nikaenda kwenye pampu kubwa, pia ikatoka safi. Nikapanda, nikapiga stata. Injini ikazunguka, haikuwaka.

"Ni hewa," nikamwambia Bi Mwanaisha. "Ni kawaida, usiwe na wasiwasi."

Nikalegeza paipu za nozeli, maana hapo ndipo hewa ya mwisho hujificha. Nikapiga stata tena, nikashuka kuangalia. Hakuna kitu. Si hewa, si dizeli. Paipu kavu kama koo la mfungaji saa kumi.

Nikarudia kila kitu tangu mwanzo. Kila nikipanda kupiga stata, naisogeza kanzu kidogo kwa kiwiko, isije ikashika mafuta. Betri ikachoka, tukaazima ya jirani. Bi Rehema akapiga simu kuuliza kama tumetoka. Akapiga tena kuuliza kama tumefika daraja la Sabaki. Bi Mwanaisha akawa anamjibu kwa sauti inayozidi kuwa ndogo.

Watu wa bodaboda wakaja kusimama ukutani. Mmoja akauliza kama wanifungie kamba walivute kwa pikipiki. Mwingine akasema afadhali masufuria yapelekwe moja moja kichwani, huenda yakafika kabla ya maharusi kupata wajukuu. Nilicheka nao. (Sikucheka moyoni.)

Adhuhuri ikaadhiniwa. Bi Mwanaisha akaja akasimama karibu nami, hakupandisha sauti.

"Omari mwanangu, niambie kweli. Litakwenda au haliendi? Nimewaahidi watu chakula."

Nikazikaza tena zile paipu za nozeli. Nikafuta mikono. Nikamweleza, mbele ya wote, tena kwa upole na kwa kirefu, kwamba dizeli inaingia kwenye pampu lakini haitoki, kwa hiyo pampu imekufa ndani, itabidi irudi Mombasa, na yeye atafute lori jingine. Hata nikachora mchangani ili aelewe. Akatazama mchoro, akatoa simu, akaanza kumbembeleza mwenye lori mmoja wa mjini.

Ndipo akaingia Kazungu, dereva wake. Alikuwa ameambiwa aje baada ya adhuhuri, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna tatizo. Akamwamkia Bi Mwanaisha shikamoo, akapanda kwenye kiti chake kama kila siku.

"Kanzu hii ya nani?"

"Yangu," nikajibu.

Akanipitishia dirishani kwa adabu, ameishika kwa ncha za vidole. Kisha akakisukuma kile kishikio cheusi ndani kwa kiganja, kama anafunga mlango wa kabati, akazungusha ufunguo. Stata ikalia. Injini ikakohoa, ikasita, ikashika. Moshi kidogo, safi. Ikanguruma vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia.

Kazungu akatoa kichwa nje. "Tunangoja nini?"

Mimi nimesimama na kanzu mkononi.

Niwaeleze, maana bado ni mwalimu hata nikiaibika. Lori la namna hii halizimwi kwa ufunguo. Unavuta kishikio cha kuzimia, dizeli inakatwa ndani ya pampu, injini inanyamaza. Kishikio kinabaki nje mpaka mtu akirudishe. Kazungu alikivuta siku alipolileta. Mimi nikafunga waya wake kwenye pampu kama nilivyoukuta, nikakifunika kwa kanzu, nikashinda asubuhi nzima nikitafuta mafuta niliyoyafungia mwenyewe.

Bi Mwanaisha alikuwa bado na simu sikioni. Akamwambia yule wa mjini, taratibu kabisa, "Basi, baba, usije. Limepona. Lilikuwa limevalishwa kanzu."

Ukuta mzima wa bodaboda ulikaa chini kwa kicheko.

Tulifika Mambrui. Wali ulichelewa, lakini kila mtu alikula. Bi Rehema alikuja mwenyewe na sinia kuniuliza kama hiyo niliyovaa ndiyo kanzu yenyewe. Ndiyo.

Nanyi mkikuta lori la zamani limegoma, wekeni spana chini kwanza. Ondoeni chochote kilichotundikwa kwenye dashibodi, sukumeni kishikio cha kuzimia mpaka mwisho, kisha pigeni stata.