Herufi za Mwanangu Kwenye Kliniki ya Macho

Jumatatu, 4 Machi
Ijumaa kamati ya maktaba mpya inachagua herufi za kuandika jina la maktaba juu ya mlango. Wamebaki wawili: binti yangu na mpwa wa jirani yangu, Mama Pacha. Binti yangu kazichora mwenyewe, A hadi Z, miezi minane! Nene, zimeshiba, kila moja ina viatu vidogo miguuni. Nilimuuliza viatu vya nini. Akasema ndivyo vinavyoisimamisha herufi imara, na umbo lenyewe kalitoa kwangu, ninavyosimama mlangoni kumsubiri baba yake akichelewa. Nimeitazama ile R. Ni mimi kabisa, na nyonga zangu.

Za yule mpwa ni miguu ya mbu. Mama Pacha anasema huo ndio usasa. Usasa gani? Njaa tu.

Jumanne, 5 Machi
Mungu hamtupi mja wake! Nimefungua daftari la miadi hapa kliniki ya macho, ninapokaa mapokezi mwaka wa kumi na moja huu, na nani kaandikishwa kesho saa nne? Mwenyekiti wa kamati mwenyewe! Robo saa nzima ataketi akitazama herufi ukutani. Sasa kwa nini zisiwe za mwanangu? Zimwingie taratibu, Ijumaa akiziona azione kama ndugu zake.

Nimetoa flashi yenye herufi zake kwenye mkoba wa binti, nikaipeleka kwa mchapaji. Sikuiba, nimemzaa. Mchapaji akaguna, akasema mama, hizi ni za mabango, ukizipunguza zitasongana. Hata binti aliwahi kuniambia zinafaa jina la duka au jalada la kitabu, ndogondogo hapana. Watoto wa siku hizi hawajui kujisifu. Nikamwambia mchapaji achape chati nzima.

Jumatano, 6 Machi
Nimebandika chati yangu ukutani kabla daktari hajafika. Herufi zilezile, mistari ileile, sura tu ndiyo mpya. Wee, ile ya juu! Imejaa kama mwenye nyumba. Mwenyekiti akaisoma, nikamsikia mlangoni akisema inapendeza.

Mstari wa nne akakohoa. Wa sita akakodoa macho. Akamwambia daktari anaona mbegu za papai zimepangwa foleni. Nikachungulia. Kweli! Wino umeziba matundu yote, mistari myembamba imepotea, viatu vinakanyagana. Na daktari haitazami chati. Kaikariri tangu ujana wake. Akatikisa kichwa, akampa miwani mizito ya kuanzia palepale.

Ningesema. Lakini nikisema, mlango wa maktaba mwanangu hauoni tena. Nikamwita mgonjwa anayefuata. Hadi jioni watu tisa wameandikiwa miwani, mwenyekiti akiwemo. Daktari anasema mji mzima unapofuka.

Alhamisi, 7 Machi
Mama Pacha kaja mbio kunihadithia kamwona mwenyekiti na miwani kama vitako vya chupa, akiuamkia mlingoti wa taa. Tena kauuliza habari za watoto! Akacheka, akaniuliza jirani, kesho huyo atatofautisha herufi ya mwanao na ukuta?

Sijala. Binti alikuwa sebuleni akijizoeza maneno ya kuiambia kamati kesho. Mwishowe nikayamwaga yote. Akauliza kitu kimoja tu: mama, mstari wa mwisho ulikuwa na ukubwa gani? Nikamwonyesha kwa ukucha. Akashika kichwa, akavaa viatu, akaenda kwa mwenyekiti mwenyewe kumwomba kesho azitazame herufi bila miwani ile.

Ijumaa, 8 Machi
Nimesubiri nje ya mkutano, nimetafuna ncha yote ya kanga. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Binti akaitundika mbele ya kamati nzima ile chati yangu niliyoibandua Jumatano jioni! Nikataka ardhi inimeze. Akawaambia juu hapo ndipo herufi zake zinapoishi, chini hapo ndipo zinapokufa, na aliyezishusha huko ni mama yake. Mwenyekiti akavua miwani, akatazama, akacheka hadi akafuta machozi. Akasema mchora herufi anayejua zinapokoma ndiye wanayemtaka.

Mlango wamempa mwanangu! Nikapiga vigelegele, mlinzi akanitoa nje. Vibandiko vya rafu, vya maandishi madogo, wamempa mpwa wa Mama Pacha.

Binti hakunikumbatia. Akasema niwaandikie radhi wote tisa, na daktari wa kumi. Kwa mkono wangu.

Jumamosi, 9 Machi
Nimewaza sana. Mlango ni mmoja, rafu ni mia tatu. Mbu wamepewa mia tatu! Kamati hawajaziona herufi za mwanangu vizuri, basi. Na radhi haiombwi kwa mwandiko wangu wa darasa la saba. Ni kuwadharau watu. Bahati nzuri mchapaji alibaki na nakala ya herufi za binti. Akaguna tena, nikamtolea jicho. Kurasa tatu nzima za radhi, kila neno limeenea kwenye kadi moja ya kuingia mfukoni. Kadi kumi. Nimeshazigawa.

Atakayeshindwa kusoma, Jumatatu kliniki tunafungua saa mbili.