Mpendwa Pipa Lita Mia Mbili

Leo nimepatikana.

Yupo mama mmoja Kariakoo, Mama Eliza, anauza vyombo vya plastiki kwa jumla. Programu ya dukani kwake nimeitengeneza mimi. Alitaka kila ujumbe unaokwenda kwa mteja uanze kwa jina la mteja. "Ukimwita mtu jina lake, haendi kwa jirani," alisema. (Nilimwomba ushahidi. Akanipa orodha ya majina.)

Badala ya kuandika salamu kila mahali, nikaandika kipande kimoja cha programu kinachokaa kama mlinzi wa geti. Ujumbe wowote ukitaka kutoka, kinaudaka, kinabandika "Mpendwa" na jina. Jina kinalijuaje? Nilikiambia kichukue taarifa ya kwanza inayopita. Kwenye ujumbe wa shukrani, taarifa ya kwanza ilikuwa jina. Safi!

Asubuhi nikaongeza ujumbe mpya: "Mzigo wako uko tayari." Humo nilitanguliza bidhaa, jina likafuata. Mlinzi hakuuliza. (Mimi ninayebishana hata na utabiri wa mvua, nami sikuuliza.) Nikabonyeza. Wateja arobaini.

Saa tano akaingia dukani Bi Zuhura wa Magomeni, mteja mkubwa kuliko wote. Namaanisha kwa manunuzi, ingawa hata kwa umbo Mungu hakumnyima.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Hebu nisomee hapa, baba, miwani nimeisahau."

Nikapokea simu, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji, duka limejaa: "Mpendwa Pipa Lita Mia Mbili..."

Wapagazi wakatua mizigo ili wasikie vizuri.

"Lita mia mbili," akasema Bi Zuhura. "Ulinipima lini?"

"Si wewe, mama! Programu imeshika bidhaa ikadhani ni mteja!"

"Kwa hiyo mimi bidhaa?"

Akageuka aondoke. Mama Eliza akamshika mkono, akaninyooshea kidole. "Utawapigia wote arobaini, uombe radhi mmoja mmoja. Huyu akihama duka, na wewe umehama."

Bi Zuhura akafikiri. Akavuta kiti. "Sihami. Nataka nisikie anavyoomba."

Basi yupo hapa, anakunywa soda, ananisahihisha. ("Sema tena, kwa unyenyekevu!") Nimefika wa tisa. Wa kumi ni mchungaji, naye ameandikiwa "Mpendwa Beseni la Kufulia".

Anayecheka, aje ampigie yeye.