Ombi la Kuondoa Miguu Katika Mashindano ya Nguvu

Musonoi, Ijumaa, 14 Juni 1957

Kwa Bwana Mhariri wa gazeti la kambi yetu ya mgodi,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Mimi ni Polycarpe Muamba, karani wa ghala la vipuri, mwenye kifua cha sentimita mia moja na nane. Naandika kwa uchungu na kwa adabu yote kuhusu mashindano ya nguvu ya Jumapili ya Pentekoste.

Kwanza nieleze nilivyojiandaa, maana watu wanasema sikujiandaa. Mwaka jana nilipeleka posa kwa Tata Kabeya, baba yake Laurentine, huko Kasaji. Kwa kuwa hakuwa amewahi kuniona, nilitaka kumpelekea na picha. Fundi Ngeleka wa hapa kambini hupiga picha kuanzia kichwa hadi mkanda. Chini ya hapo, anasema, ni kuharibu filamu. Basi kwa miezi mitano niliinua ekseli ya kigari cha mgodi kila jioni, nikafanyia mazoezi kila kitakachoingia pichani. Tata Kabeya alipoipata alifurahi mno, akapanda treni na binti yake waje waone kifua hicho kikishinda. Hapo ndipo madai yangu yanapoanzia.

1. Mashindano yalifunguliwa kwa mbio, kuzunguka kambi mara mbili. Nani aliulizwa? Kifua changu kilitangulia vizuri mpaka kona ya zahanati, lakini miguu haikukifuata. Nilikuwa wa kumi na tisa kati ya kumi na tisa. Wa kumi na nane alikuwa mpishi wa mapadri, mzee wa miaka hamsini na mitano aliyevaa viatu vya kanisani.

2. Likafuata gunia la unga, la kubeba kutoka ghala la posho hadi mlango wa shule. Kuliinua, nililiinua juu ya kichwa mara moja, na akina mama walipiga vigelegele, andika hilo. Kumbe sheria ilitaka pia kutembea nalo! Baada ya hatua kumi na moja magoti yalianza kujadiliana bila mimi. Nikaliweka chini nipumue. Mama Godelieve, jirani yangu, aliyekuwa akitazama tu na mtoto mgongoni, aliona aibu kwa niaba yangu, akajitwisha gunia na kulifikisha. Waamuzi wakampa nafasi ya tatu. Hata jina hakuwa ameandikisha.

3. Tata Kabeya alinikuta nimekaa chini, akaniambia mbele ya watu: "Mwana yangu, mi nilionaka kifua. Sasa miguu uliachaka wapi?" Hasemi ndiyo wala hapana. Anasema atarudi kwao akafikiri. Bwana Mhariri, nampenda Laurentine. Siku ya tano leo chakula hakipiti.

Kwa hiyo naomba mbio ziondolewe. Ikishindikana, mstari wa mwisho uletwe alipo mshindani. Magunia yainuliwe na kurudishwa palepale. Kila mshindani asimame nyuma ya meza, watu wamwone anavyofaa kuonekana. Kazini tunaletewa mashine mpya kila mwezi, miguu inazidi kukosa kazi, na si haki mwanamume apimwe kwa kitu kinachoelekea kwisha. Itangazwe na kanisani kwamba wakwe wapime kuanzia mkanda kwenda juu.

Nisalimie wapiga chapa wote, mama wa nyumbani na watoto, hata huyo mpishi wa mapadri ukimwona, ingawa hastahili.

Ndimi, kwa heshima na maumivu ya mapaja,
Polycarpe Muamba

N.B. Nilikuwa nabandika stempu dada yangu Simone alipoingia kuniambia kwamba Tata Kabeya na binti yake wameshakwenda stesheni. Kutoka hapa hadi Kolwezi mjini ni mwendo wa saa nzima, na baiskeli sikupata. Sikumbuki kufikiri, nilikimbia. Nilianguka mara mbili, nikatapika mara moja, nikafika treni imeanza kusogea. Laurentine alitoa mkono dirishani, nikaushika, nikakimbia nao mpaka jukwaa likaisha. Baba yake alichungulia juu ya bega lake, akapaza sauti: "Ukuye kwetu mwezi wa munane, tutazungumuza!"

Tafadhali futa madai yote. Mbio za mwakani ziongezwe mzunguko mmoja.