Mtembezi Anakwenda Wapi

Jumatatu, 4 Agosti
Mama bosi ametangaza. Atakayechora jalada bora la kitabu cha watoto ndiye atakuwa mkuu wa wachoraji. Tunaowania tuko wawili tu: mimi, na huyu wa meza ya pili ninayemwita Mtembezi. Akichora kidogo, anaweka kalamu chini, anatoka. Eti anapumzisha macho. Macho gani yanachoka kabla ya chai? Mimi sibanduki kitini mpaka kieleweke.

Jumanne, 5 Agosti
Kiuno kinawaka moto. Mtembezi ametoka tena, amerudi anatabasamu. Mtu hatabasamu bure. Lazima kuna anayempa michoro huko nje. Nimemweleza mke wangu. Akauliza mara ya mwisho nilikula mezani kama watu ni lini. Amekwepa hoja. Huenda wameshamfikia.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemfuata. Nilibeba ubao wangu ili nichore huku napeleleza. Alizunguka mtaa, akakaa kwenye benchi. Hakuongea na mtu. Hakushika simu. Akatazama paka, basi. Hapo nikaingiwa na wasiwasi kweli: mtu asiyefanya chochote anaficha jambo kubwa. Nikiwa nimejibanza nyuma ya ukuta, fundi viatu akanisalimia, akauliza, "Kaka, umepotelewa na nini?" Nikamwambia nipo kazini. Akatazama miguu yangu. Kiatu kimoja cheusi, kingine cha kahawia. Nani aliviweka hivyo mlangoni?

Alhamisi, 7 Agosti
Jalada limekamilika: mama anakamua ng'ombe. Sikunywa hata maji. Mtembezi akarudi kutoka matembezini, akapita mezani kwangu, akasimama. Akaniambia taratibu, "Ndugu yangu, ng'ombe wako ana miguu mitano." Nikahesabu, minne. Nikarudia, mitano. Huo wa tano kauchora saa ngapi? Akanisihi tutoke kidogo, nikirudi nitauona mwenyewe uliozidi. Ujanja huo. Nani angelinda meza? Nikafuta mguu mmoja papo hapo, nikampelekea bosi.

Ijumaa, 8 Agosti
Bosi ameniita. Kumbe nilifuta mguu wa mama anayekamua. Ng'ombe bado ana mitano. Cheo amepewa Mtembezi. Na huyohuyo, nasikia, ndiye aliyeniombea nisifukuzwe. Kwa nini? Anataka nini kwangu? Bosi ameniamuru niende likizo, nikalale. Nimeitikia kwa adabu, "Sawa, mama."

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeshang'amua kosa langu. Nilipoteza muda mwingi nikimfuata yule bwana. Muda ule ningekuwa nachora, ng'ombe angetoka sawasawa. Likizo yote nitaitumia kuchora ng'ombe, asubuhi mpaka jioni, bila kupumzika. Mke wangu ameficha kiti. Nimemuuliza ametumwa na nani. Anacheka tu.

Nachora nimesimama.