Jinsi Nilivyomwokoa Lupe na Simu

Jumatatu, 3 Juni

Lupe amekataa tena kwenda chooni peke yake. Choo chenyewe kiko hatua ishirini nyuma ya nyumba, jua linawaka, kuku wanachakura, na mtoto wa miaka sita ameng'ang'ania lavalava yangu, nguo ya kiunoni, mpaka nusura inivuke. Nikamsindikiza. Akaniamuru nisimame mlangoni niimbe, ili ajue bado nipo. Nikaimba! Mimi Pelenato, shemasi, naimba wimbo wa Pasaka nje ya choo! Jirani yangu Kelekolio akapita na kikapu cha magimbi, akauliza kama siku hizi kwaya imehamia huku.

Kelekolio huyu. Tangu apewe uongozi wa kwaya uliostahili kuwa wangu kwa haki zote, hapiti kwangu bila neno.

Lakini si Kelekolio anayeninyima raha. Ni Lupe. Kopo likianguka anapiga yowe. Anakojoa mkekani, mtoto aliyeacha zamani. Usiku anashikilia sikio langu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna wa kumwambia: naogopa. Naogopa sana. Mama yake, Sinalei, yuko Nyuzilandi kuchuma matunda mpaka Agosti, na kila akipiga namwambia Lupe hajambo, amenenepa.

Mchawi namjua. Ni simu ya Moelagi, binti yangu mkubwa, miaka kumi na mitatu. Anacheza mchezo wa mauaji na Pulusila, binti wa Kelekolio, kila mmoja kwao, kutwa kucha. "Nimekuua! Kufa! Kufa tena!" Mdogo anasikia yote. Kesho nachukua hatua.

Jioni, baada ya sala, nikatazama filamu yangu kidogo kutuliza mawazo. Ile ya mtu wa shoka, sehemu ya nne. Lupe mapajani, kimya kabisa. Hapo angalau hutulia, maskini.

Jumanne, 4 Juni

Nimeificha simu ndani ya pipa la mchele. Kazi safi! Moelagi aliipata kabla chai yangu haijapoa. Aliazima simu ya bibi yake akajipigia, na pipa likaanza kuimba.

Mpango wa pili. Nimeiweka kwenye kikapu, nikakwea nacho mshelisheli. Kupanda nilipanda. Kushuka ndiko kulikonishinda. Nilikaa juu huko zaidi ya saa nzima nimekumbatia tawi, siungui wala siivi. Mwisho Moelagi akaja chini akaniambia taratibu, "Baba, weka mguu wa kushoto pale. Hapo. Sasa nipe simu yangu kwanza, usije ukaiangusha." Nikampa. Ningefanyaje?

Nilitaka kuukata mti mzima kwa hasira. Panga langu halionekani. Namshuku Kelekolio.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempeleka Lupe zahanati. Nesi ni msichana mdogo lakini uso wake wa hakimu. Akauliza mtoto anatazama nini, na nani, saa ngapi. Nikamweleza habari zote za simu, kwa mifano. Hakuandika hata neno. Akainama kwa Lupe, Lupe akamnong'oneza sikioni, na nesi akaniangalia mpaka nikajikuna.

Akasema wiki mbili skrini zote nyumbani zizimwe. Zote, mzee wangu, si ya binti peke yake. Akasema mtoto wa umri huu hajui kwamba anayekatwa kwenye tivii huinuka akaenda zake kula. Yeye anaona mtu amekufa, na aliyemuua yu hai na yuko njiani. Akasema filamu hizo nizitupilie mbali.

Nikaitikia kwa kichwa. Watu wa serikali wanapenda sana neno "zote". Njiani nikalitafakari na kulielewa vizuri: zote za watoto.

Visu viwili vya jikoni navyo havipo. Mama yangu anasema hajaviona tangu jana. Nyumba hii ina nini?

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa tatu, na huu ni wa kichwa kabisa. Nimempa Mama simu aikalie. Mama ana miaka sabini na minane, na akishaketi hainuki mpaka chakula. Nani atathubutu kumwinua bibi yake?

Moelagi alichachamaa. Akaniambia, "Baba, unatafuta mwizi barabarani na yuko sebuleni kwako amekunja miguu." Nikamuuliza ana maana gani. Akasema nimuulize mtu wa shoka. Adabu imekwisha duniani! Akaondoka na kishindo, na sikumwona tena mpaka kengele ya sala.

Pulusila hajaonekana shuleni tangu Jumatano. Sikulitilia maanani.

Visu vimebaki viwili tu. Tena Lupe kaniuliza leo, kwa nini nyumba yetu haina kuta kama za kwenye tivii. Nikamwambia ni nguzo tu na paa, tangu enzi za mababu, ili upepo upite. Akafikiri. Akauliza, "Na nani mwingine anapita?" Nikamwambia hakuna, na nikageuka kutazama nyuma yangu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu! Sitatoka nje mpaka Krismasi.

Nilirudi shambani asubuhi nikamkuta Lupe chini ya meza ya jikoni. Anatetemeka. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Dada amemuua Pulusila. Amesema mwenyewe. Halafu amekwenda." Nikamwita Moelagi. Kimya. Nikatazama kwenye ndoo ya visu. Hakuna hata kimoja! Pulusila haonekani tangu Jumatano! Nikatamka majina ya mitume wote.

Nikataka kwenda kuuliza kwanza. Mama akaniuliza kama nina wazimu. Kwetu mtu wa ukoo wako akiua, huendi kuuliza, unakwenda kwenye ifoga. Unachukua mkeka laini wa ukoo, unaketi mbele ya nyumba ya wafiwa, umejifunika kichwa, na unangoja. Wakikusamehe watakufunua. Wasipokusamehe, unajua mwenyewe. "Na ukichelewa," Mama akasema, "watakuja wao." Hapo akainuka! Simu imebaki kitini, Mama anafungua sanduku, anautoa mkeka aliousuka bibi yake kwa miaka miwili, mlaini kama hariri, ambao Kelekolio ameukodolea macho tangu tuko vijana.

Tukaenda. Tukaketi kwenye changarawe mbele ya nyumba ya Kelekolio, mimi, Mama, na Lupe katikati, maana hakuna wa kumwachia. Mkeka juu ya vichwa vyetu. Nilisikia miguu ya watu wakija. Nilisikia mbwa. Nilisikia mtu akiokota kitu kizito, nikajua ni jiwe, nikaanza kulia. Nilimfikiria Sinalei. Nilimfikiria Moelagi wangu gerezani na nywele zake zile. Lupe alinishika mkono, akanong'ona, "Baba, hapa ndipo wanapokata?" Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu, na yeye kumbe alikuwa akiogopa vile kila siku.

Tulikaa mpaka magoti yakafa ganzi. Ndipo nikasikia sauti ya Pulusila, mtoto marehemu, ikiuliza, "Kwani nani amefariki?"

Nikachungulia kwenye upindo. Amesimama barazani, shavu limevimba kwa matubwitubwi, anakula mkate. Pembeni yake Moelagi, kwa sura ya mtu anayeomba ardhi ipasuke. Alikuja asubuhi kumjulia hali mgonjwa.

Moelagi akaja mbio akaeleza. Mchezo wao ni wa bata. Bata waliovaa kofia! Wanarushiana mayai. Ukipigwa mayai matatu umekufa, unahesabu mpaka kumi, unafufuka. Jana alimuua Pulusila mara kumi na nne kwa simu aliyoazima kwa rafiki mwingine.

Kijiji kizima kilikuwa pale. Nikataka kuinuka nikunje mkeka wangu nijiendee. Lakini Kelekolio, nyoka yule, akashuka ngazi polepole, kavaa shati la kanisani. Akatufunua kwa mikono miwili. Akahutubia! Akasema moyo wa baba ni mpana. Akasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akasema anatusamehe vifo vyote kumi na vinne. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, mchungaji pia. Kisha akaukunja mkeka akaingia nao ndani, maana mkeka uliopokelewa kwenye ifoga haurudi.

Mama hajasema nami tangu hapo. Amekaa palepale penye simu, amenipa mgongo.

Jumapili, 9 Juni

Alfajiri tuliwasha tanuri la mawe kwa chakula cha Jumapili. Kuni zikashika. Mara harufu! Plastiki inaungua! Tukafukua mawe. Visu vyote saba vilikuwa chini yake, na panga langu, mipini imeyeyuka. Nikageuka kumtafuta mkosaji, nikamwona Lupe nyuma ya nguzo anatazama mawe, midomo inamcheza.

Sikumpigia kelele. Nilipiga magoti. Nikamuuliza kama ni yeye. Akaitikia. Kwa nini, mwanangu? Akasema alificha ili yule mtu asivione. Mtu gani? "Yule wa kwenye tivii yako, Baba. Mwenye shoka. Akikosa shoka anachukua kisu cha jikoni, tuliona. Na kwetu hakuna ukuta." Akaanza kulia, akasema sasa tumemwonyesha vilipo.

Moelagi alinitazama. Mama akasema, kwa mara ya kwanza tangu jana. Akasema, "Umesikia kwa masikio yako?"

Nimesikia. Nilimkumbatia mtoto mpaka akanyamaza, nikalia naye, siogopi kuyaandika. Na kanisani sikuimba hata ubeti, nilikuwa nikifikiri. Sasa nimeelewa kila kitu. Simu ile imemharibu kichwa kiasi kwamba hata filamu ya kawaida, aliyozoea kuitazama na baba yake kwa amani, sasa inamtisha! Bata wale si bata wa mchezo. Nimempa mchungaji simu aifungie kabatini. Moelagi hakubisha hata kidogo, na hilo nalo linanitia shaka.

Na neno la nesi nimelitimiza. Skrini zote. Televisheni nimeizungushia mapazia mawili na shuka ya Sinalei, pembe zote nne, nyumba ndani ya nyumba. Mtoto hawezi kuona kitu. Kuta alizotaka, nimempa kuta!

Sasa ni mchana, chakula kimeliwa, mvua inanyesha, kijiji kizima kimelala. Niko ndani ya pazia langu. Jumapili, najua, lakini Mungu ameiona wiki yangu. Sauti nimeipunguza kwa ajili ya mtoto. Sehemu ya tano! Kumbe hakufa yule, alijifanya!

Lupe ameingia kwa chini ya shuka. Anasema huko nje anaogopa peke yake. Ningemfukuzaje? Nimempakata. Nimemziba macho kwa mkono, ila mkono huo ndio wa kuandikia. Ametulia vizuri. Hasemi, hata hajitikisi, kucha zake tu ndizo zimenishika paja. Nafikiri amelala. Macho yako wazi, lakini watoto wengine hulala hivyo.